Kutoka Mawe ya Tochi Hadi Mvuke wa Olkaria: Vyanzo vya Umeme na Msamiati Wake Katika Mazingira ya Mosocho

Utangulizi

Mtu afikaye katika soko la Mosocho, si mbali na mji wa Kisii, yapata saa moja jioni, hukuta vyanzo vinne au vitano vya umeme vikifanya kazi katika eneo lisilozidi hatua mia mbili. Kinyozi ananyoa kwa mashine iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani. Mama auzaye mboga kando ya barabara amewasha taa ndogo iliyokuwa ikianikwa juani tangu asubuhi. Mlinzi wa duka anajaribu tochi yake na kuigonga kiganjani ili mwanga urejee. Pikipiki ya kubeba abiria inapita ikimulika kwa umeme unaozalishwa na injini yake yenyewe. Na ikitokea stima ikapotea, jenereta ya duka moja au mawili huanza kunguruma kabla watu hawajamaliza kuguna.

Watu hawa wote wakiulizwa wanatumia nini, wengi watajibu kwa neno moja tu: stima. Neno hilo linafunika michakato isiyofanana hata kidogo. Tochi hutegemea kemia, pikipiki hutegemea sumaku inayozunguka, taa ya mama mboga hutegemea mwanga unaogonga kipande cha silikoni, na mashine ya kinyozi hutegemea maji, mvuke na upepo wa mahali ambapo kinyozi mwenyewe huenda hajawahi kufika. Makala haya yanaeleza jinsi kila mojawapo ya vyanzo hivyo kinavyozalisha umeme na kuufikisha katika saketi, na papo hapo kuyapima maneno ambayo wasemaji wa Kiswahili huyatumia kuvieleza.

Mada hii yaweza kuonekana kuwa ni ya wanafizikia. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kenya hukutana na umeme katika lugha mbili: darasani kwa Kiingereza, na nyumbani na sokoni kwa Kiswahili au Ekegusii. Anayeitwa kutafsiri maelezo ya kifaa, kusoma tangazo la usalama redioni au kumshauri mzazi wake kuhusu paneli ya kununua hulazimika kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila daraja. Mahali daraja hilo linapokosekana, watu hupoteza fedha, na wakati mwingine hupoteza uhai.

Chanzo si mtungi

Kosa la kwanza, nalo limeenea mno, ni kudhani kwamba chanzo cha umeme ni kama mtungi uliojaa kitu kiitwacho umeme, ambacho humiminwa katika waya na kuishia ndani ya taa. Kosa hili linasaidiwa na lugha. Husemwa kwamba betri "imejaa", kwamba redio "inakula" stima, na kwamba stima "imeisha". Ni semi hai na hakuna sababu ya kuzipiga marufuku, lakini mwalimu hana budi kujua zinapodanganya.

Waya wa shaba tayari umejaa elektroni kabla haujaunganishwa na chochote. Chanzo hakiziumbi elektroni hizo, kinazisukuma. Huzisukuma kutoka upande mmoja wake, zikapita katika waya, zikapita katika taa, kisha zikarudi katika upande wake wa pili. Idadi inayorudi ni ile ile iliyotoka. Kinachoachwa katika taa ni nishati, si elektroni. Mnyororo wa baiskeli ni mfano ulio bora kuliko mtungi: mguu husukuma kanyagio, gurudumu la nyuma huzunguka, lakini hakuna kipande cha mnyororo kinachobaki katika gurudumu. Mnyororo ukikatika mahali popote, gurudumu husimama mara moja.

Hapa ndipo usemi wa Kenya na ule wa Tanzania unapotofautiana kwa namna inayofaa kutafakariwa. Mkenya husema "stima imepotea" ilhali Mtanzania husema "umeme umekatika". Usemi wa pili uko karibu zaidi na fizikia, kwa maana hakika kuna mahali ambapo njia imekatwa, iwe ni kwa swichi kituoni au kwa mti ulioangukia waya. Kitu kilichopotea hakijulikani kiliko, na aghalabu mtu hukaa akingoja kionekane. Kilichokatika kina mahali kilipokatikia. Tofauti hii itarejelewa mwishoni mwa makala, kwa kuwa si ya kimtindo tu.

Msukumo wa chanzo hupimwa kwa volti, na ndio uitwao volteji. Wingi wa elektroni zinazopita mahali fulani kwa sekunde ni mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Pingamizi la waya au la kifaa ni ukinzani, ambao hupimwa kwa omu. Volteji ikizidishwa kwa mkondo hupatikana wati, yaani kasi ambayo nishati inatumika. Birika la wati 2,000 katika soketi ya volti 240 huvuta zaidi kidogo ya ampea 8.

Tatizo kubwa la istilahi liko katika neno "nguvu". Katika Kiswahili cha kila siku neno hili hubeba mzigo wa dhana nne ambazo fizikia huzitenga: kani, nishati, kasi ya kutumia nishati, na hata volteji. Mtu husema "stima leo haina nguvu" akimaanisha kwamba volteji imeshuka na taa zimefifia. Husema pia kwamba betri ya lori "ina nguvu" kuliko ya pikipiki, ilhali zote mbili huenda zikawa za volti 12, na tofauti iko katika kiasi cha mkondo ziwezacho kutoa na muda wa kuutoa. Wanaistilahi walifanya jambo jema kuimarisha matumizi ya "kani" na "nishati". Bado "nguvu" imebaki ikizurura.

Mawe ya tochi na betri ya asidi

Nchini Kenya wapo wanaoziita betri kavu "mawe ya tochi" au "mawe ya redio". Jina hili lina haiba yake, nalo linaonyesha jinsi wasemaji wanavyokipa kitu kigeni sura ya kitu wanachokijua: kizito, kigumu, kinachotoshea kiganjani, na kisichokuwa na kazi kikishakufa. Ndani yake, hata hivyo, hamna jiwe. Katika aina ya kawaida ya bei nafuu, kuna kikopo cha zinki, kijiti cha kaboni katikati, na ujiuji mzito wenye manganizi dayoksaidi baina yao. Zinki huliwa polepole na kemikali zilizomo. Kila atomu ya zinki inayoliwa huacha elektroni mbili katika kikopo, na elektroni hizo haziwezi kufika upande wa kaboni kupitia ndani. Njia iliyo wazi kwao ni ile ya nje: waya, swichi, balbu, kisha kaboni. Ndiyo maana betri isiyounganishwa na kitu hukaa miezi mingi dukani bila kuisha.

Kila betri moja ya namna hii husukuma kwa volti 1.5. Zikipangwa mbili kwa mfuatano, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine, misukumo hujumlika na kuwa volti 3. Redio ya betri nne hupata volti 6. Zikiwekwa sambamba, vichwa pamoja na vitako pamoja, volteji hubaki 1.5 ila muda wa kudumu huongezeka. Ajabu ni kwamba watoto wengi wa vijijini wamewahi kulifanya jaribio hili kwa kuzifunga betri kuukuu kwa kipande cha gazeti na kuzirefusha kwa mfuatano ili redio ipate walau kunong'ona taarifa ya habari.

Kuna desturi nyingine iliyoenea Afrika Mashariki, nayo ni ya kuzianika betri zilizochoka juani, juu ya paa la bati au ukingoni mwa dirisha. Redio huimba tena kwa muda mfupi. Wapo wanaoamini kwamba jua limeingia ndani ya betri. Sivyo. Betri inapozeeka, ukinzani wake wa ndani huongezeka, kwa hiyo sehemu ya msukumo hupotelea humo humo kabla ya kufika nje. Joto huharakisha mabadiliko ya kemikali na kurahisisha mwendo wa chembe zenye chaji katika ule ujiuji, ukinzani ukapungua kidogo, na mabaki ya zinki yakaweza kutumika. Jua haliongezi akiba. Linasaidia kukomba kilichobaki chini ya chungu. Wanaofanya hivyo si wajinga. Wamegundua kwa uzoefu jambo la kweli, na wamelikosea maelezo tu.

Betri zilizojulikana zaidi nchini kwa miaka mingi zilikuwa za Eveready, zenye picha ya paka, ambazo zilitengenezwa Nakuru hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2014.

Betri ya asidi, ile ya gari, ni jambo jingine. Ndani yake kuna vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2, na kwa pamoja hufanya volti 12. Katika kila chumba kuna mabamba ya risasi na ya dayoksaidi ya risasi yaliyozamishwa katika asidi ya salfa iliyozimuliwa kwa maji. Betri inapotumika, mabamba yote mawili hugeuka polepole kuwa salfeti ya risasi na asidi hupungua makali. Ubora wake ni kwamba mkondo ukisukumwa kinyumenyume, mabamba hurejea hali yake ya awali. Huku ndiko kuchaji. Kinachorudishwa ni hali ya kemikali, na hiyo ndiyo akiba.

Kabla ya nguzo za stima kusambaa vijijini na kabla ya sola kuwa nafuu, betri hizi ndizo zilizowasha televisheni katika nyumba nyingi za nchi ya Gusii. Zilibebwa kwa baiskeli, kwa mkokoteni au begani hadi sokoni zikachajiwe, na kurudishwa siku ya pili. Hesabu yake ilikuwa hivi: televisheni ndogo ya wati 18 huvuta ampea 1.5 kutoka betri ya volti 12. Betri iliyoandikwa ampea-saa 50 ingeweza, kwa kadirio, kuidumisha kwa saa 33. Lakini mwenye kuithamini betri yake hakuithubutu hesabu hiyo hadi mwisho, kwani betri ya asidi ikikamuliwa hadi tone la mwisho na kuachwa hivyo kwa siku kadhaa, salfeti hugandamana na kuwa fuwele ngumu zisizokubali kurudishwa. Wamiliki wengi waliokata tamaa na kusema fundi amewauzia betri mbovu walikuwa wameiua wenyewe, wakati wa michuano ya Kombe la Dunia.

Mto, sumaku na koili

Mvua inyeshayo katika milima ya Gusii na Nyamira hukusanyika katika Mto Gucha, ambao kule chini huitwa Kuja, na kuteremka hadi Ziwa Viktoria. Katika maporomoko ya Gogo, Migori, maji hayo huzungusha mitambo ya kituo kidogo cha megawati 2 kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi ya Macalder. Ni kituo kidogo mno kikilinganishwa na vingine vya Kenya. Hata hivyo, kwa mwalimu wa Mosocho ni mfano ulio mlangoni: maji yaliyonyesha kwa jirani ndiyo yanayogeuzwa kuwa mwanga.

Kanuni iliyomo ni ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya, elektroni zilizomo katika waya husukumwa. Ikitulia, msukumo hukoma. Neno la msingi hapa ni mwendo. Sumaku iliyolala juu ya koili mwaka mzima haizalishi chochote. Basi kazi yote ya kituo cha umeme ni kuendelea kuizungusha sumaku, na tofauti baina ya maji, mvuke, upepo na dizeli ni tofauti ya nani ashikaye mpini. Pikipiki inayopita sokoni Mosocho ina mtambo wa aina hiyo hiyo, mdogo, uliofungwa kwenye injini.

Meta ya ujazo moja ya maji, yaani kilo 1,000, ikianguka kutoka urefu wa meta 100 hubeba takriban kilojuli 980. Ikiwa kiasi hicho kinaanguka kila sekunde, na baada ya kuondoa kinachopotea katika msuguano na joto, kuna umeme wa kuendesha kiasi cha mabirika 400 kwa pamoja. Ndiyo maana wahandisi hutafuta mambo mawili, wingi wa maji na urefu wa anguko, na kimoja kikipungua hukifidia kwa kingine. Kituo cha Sondu Miriu, chenye megawati 60 na kilichoanza kuzalisha mwaka 2008, hakina bwawa kubwa la kuhifadhi maji. Hutegemea mto unavyotiririka siku hiyo, maji yakipitishwa katika handaki hadi kwenye anguko. Kituo cha Sang'oro, chenye megawati 21, hutumia maji yale yale baada ya kutoka Sondu Miriu. Kiangazi kikizidi, vyote viwili hudhoofu pamoja. Ukame uliosababisha mgao mkali wa stima nchini Kenya mwaka 2000 uliwafunza Wakenya kwamba bomba la mvua na waya wa stima ni ndugu.

Umeme unaozalishwa kwa kuzungusha sumaku una tabia yake. Upande mmoja wa sumaku unapopita mbele ya koili, elektroni husukumwa huku. Upande wa pili unapopita, husukumwa kule. Huu ni mkondo geu. Nchini Kenya hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo elektroni katika waya wa kinyozi wa Mosocho hubadili mwelekeo mara 100 kila sekunde. Hazisafiri kutoka Gogo wala Sondu; hutikisika mahali zilipo. Betri, kwa upande wake, husukuma kuelekea upande mmoja tu, na mkondo wake huitwa mkondo mnyoofu. Istilahi hizi mbili, geu na nyoofu, ni miongoni mwa zilizobuniwa vyema katika Kiswahili cha sayansi. Zinajieleza zenyewe.

Kwa nini waya upandishwe hadi volti 132,000

Swali hili huulizwa na kila mtu anayesimama chini ya minara mikubwa ya chuma karibu na mji wa Kisii. Jibu liko katika ukinzani wa waya. Kila waya hupoteza nishati kwa joto, na upotevu huo hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Kusafirisha megawati 1 kwa volti 240 kungehitaji ampea zipatazo 4,167, na waya wenyewe ungekuwa jiko. Megawati hiyo hiyo ikisafirishwa kwa volti 132,000 huhitaji chini ya ampea 8. Mkondo umepungua mara 550, na upotevu katika waya ule ule umepungua zaidi ya mara 300,000.

Kazi ya kupandisha na kushusha hufanywa na transfoma, chombo kisicho na sehemu yoyote inayozunguka. Ni koili mbili zilizofungwa kwenye kiini kimoja cha chuma. Mkondo geu katika koili ya kwanza huifanya sumaku ya chuma kuyumba, na kuyumba huko huisukuma koili ya pili. Uwiano wa mizunguko ya waya ndio uamuao volteji itapanda au itashuka. Kutoka kituo kikubwa, umeme hushushwa hadi volti 33,000 au 11,000 na kupelekwa vijijini, kisha katika pipa la kijivu linaloning'inia nguzoni hushushwa mara ya mwisho hadi volti 240 za nyumbani. Transfoma haifanyi kazi kwa mkondo mnyoofu, kwa sababu sumaku isiyoyumba haisukumi chochote.

Jambo moja ni la kukumbukwa: transfoma haijui mbele wala nyuma. Inayoshusha volti 11,000 hadi 240, ikilishwa 240 kutoka upande wa pili, hupandisha hadi 11,000.

Jua la asubuhi

Paneli ya sola haina sumaku, haina asidi na haina kinachozunguka. Mwanga unapogonga silikoni iliyoandaliwa kwa tabaka mbili, hung'oa elektroni, na mpaka wa tabaka hizo huzilazimisha kuelekea upande mmoja. Seli moja hutoa takriban nusu volti tu. Ndiyo maana paneli ya kuchaji betri ya volti 12 aghalabu huwa na seli 36 zilizounganishwa kwa mfuatano. Zikifanya kazi hufikia volti 18 hivi, ziada ambayo inahitajika ili kuisukuma chaji ndani ya betri.

Mosocho iko chini kidogo tu ya ikweta. Jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, kwa hiyo paneli haihitaji kuinamishwa sana. Mwinamo mdogo hutosha, hasa ili mvua ioshe vumbi. Isipokuwa nyanda za juu za Gusii zina tabia yao: asubuhi huwa nyeupe, na alasiri mawingu hukusanyika na kumwaga mvua. Fundi mwenye busara huielekeza paneli ipokee jua la asubuhi bila kivuli, hata kama mgomba wa jirani utaifunika saa kumi.

Hapa ndipo "nguvu" huwagharimu watu fedha. Mnunuzi huambiwa kwamba paneli ya wati 50 "ina nguvu ya kutosha nyumba nzima". Paneli hiyo, ikipata jua kamili la jumla ya saa 5, hukusanya wati-saa 250 kwa siku. Taa tatu za wati 5 zikiwaka saa 4 hutumia 60. Simu mbili hutumia kama 20. Redio ya wati 5 kwa saa 5 hutumia 25, na televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa 4 hutumia 80. Jumla ni 185, na familia inalala ikiwa na akiba. Sasa mwenye nyumba anunue pasi ya wati 1,000. Dakika 15 za kupiga pasi sare za watoto humaliza zote 250, mbali na kwamba kutoka kwa betri ya volti 12 pasi hiyo ingevuta zaidi ya ampea 80, mkondo wa kuyeyusha nyaya nyembamba zilizofungwa ukutani. Aliyeuza hakusema uongo kwa lugha ya kawaida. Alisema "nguvu" pale alipopaswa kusema wati, na "kutosha" pale alipopaswa kusema wati-saa.

Mtindo wa kulipia sola kidogo kidogo kwa simu, ulioenezwa na kampuni kama M-KOPA tangu mwaka 2012 kwa kutumia M-Pesa, ulileta mwanga katika nyumba ambazo hazingeweza kulipa kwa mkupuo. Uliongeza pia semi mpya. Taa "hufungwa" malipo yakichelewa, ingawa jua limewaka na betri imejaa. Ni mara ya kwanza katika historia ya lugha hii kwa mwanga kukatwa bila waya kukatwa.

Mvuke, kima na gridi

Neno "stima" limetokana na neno la Kiingereza litajalo chombo kiendeshwacho kwa mvuke, na kamusi za Kiswahili huliorodhesha kwa maana ya meli na pia ya umeme. Wasomi wengine hulikwepa na kushikilia "umeme", neno ambalo asili yake ni ule mwako wa ghafla mawinguni. Wakazi wa Gusii, ambako radi hupiga mara kwa mara, hawana haja ya kufunzwa maana hiyo. Kwa bahati, neno linalodharauliwa limegeuka kuwa sahihi kuliko lilivyokusudiwa. Zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya sasa huzalishwa kwa mvuke utokao ardhini, hasa Olkaria karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi mwaka 1981 na ambako megawati 280 ziliongezwa mwaka 2014. Mvuke huo hufukuta usiku na mchana, masika na kiangazi. Mkenya anayesema stima anasema kweli bila kujua. Huko Uganda, nalo neno "Umeme" lilikuwa jina la kampuni iliyosambaza umeme kuanzia mwaka 2005 hadi mkataba wake ulipomalizika Machi 2025, hivi kwamba mtu wa Kampala aliweza kuilalamikia Umeme na umeme katika sentensi moja.

Vyanzo hivi vyote humwaga katika mtandao mmoja uitwao gridi: maji ya Tana na Turkwel, mvuke wa Olkaria, upepo wa megawati 310 kutoka Ziwa Turkana uliounganishwa mwaka 2018, jua la Garissa la megawati 50 lililozinduliwa mwaka 2019, na tangu Novemba 2022 umeme kutoka Ethiopia kupitia waya wa volti 500,000 wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Waya huo wa Ethiopia hutumia mkondo mnyoofu, kwa kuwa katika masafa marefu kiasi hicho hasara zake ni chache, na mkondo hugeuzwa Suswa kabla ya kuingizwa katika gridi ya Kenya.

Gridi ina sharti moja lisilo na msamaha. Kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika, sekunde kwa sekunde. Kinyozi wa Mosocho akiwasha mashine, mahali fulani mtambo huhisi uzito. Mzalishaji mmoja mkubwa akianguka ghafla, waliobaki hulemewa, mizunguko 50 hupungua, na mitambo hujizima ili isiharibike. Tarehe 7 Juni 2016 kima mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, na kituo kikatoka katika gridi pamoja na megawati zake zaidi ya 180. Nchi ilikaa gizani kwa zaidi ya saa tatu. Kima alinusurika.

Jenereta na mtu aliye juu ya nguzo

Giza linapoingia sokoni, jenereta ndogo za petroli huwashwa. Ndani yake ni Faraday yule yule: injini, sumaku, koili, volti 240. Kinachoamua kama jenereta ni msaada au mauti ni namna ilivyounganishwa na nyaya za jengo. Mwenye duka aliye na haraka hutengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, akachomeka mmoja katika jenereta na mwingine katika soketi ya ukutani, na taa zote zikawaka. Anafurahi. Hajui kwamba amegeuza duka lake kuwa kituo cha umeme. Msukumo wa jenereta hutoka nje kupitia mita, hupanda hadi nguzoni, huingia katika transfoma isiyojua mbele wala nyuma, na volti 240 zake hutoka upande wa pili zikiwa 11,000.

Kilomita kadhaa mbali, fundi amepanda nguzo kurekebisha mahali waya ulipoangukiwa na mti. Kwake umeme umekatika, na anajua ulipokatikia. Kwa mwenye duka stima imepotea tu, na yeye amepata nyingine. Mmoja anafikiria njia yenye mahali ilipovunjika. Mwingine anafikiria kitu kilichokwisha na kujazwa upya. Ndiyo maana mafundi waliofunzwa vyema hufunga nyaya za laini kwenye ardhi kabla ya kuzigusa, hata wakiwa wamehakikishiwa kwamba hazina kitu.

Kinga iliyo dukani ni swichi ya kubadilishia, yenye mkono mmoja na pande mbili. Mkono ukielekea laini ya kampuni, jenereta imetengwa. Ukielekea jenereta, laini imetengwa. Na hakuna nafasi ya tatu inayoviunganisha vyote viwili. Hufungwa kati ya mita na nyaya za jengo na fundi mwenye leseni, na baada ya kufungwa, ule waya wa plagi mbili hukatwa katikati ili asije mtoto au mfanyakazi mgeni akautumia siku nyingine.